Fomu DA 4856: karatasi ya kumkuza askari, ikiwa utaanza kuijaza kutoka chini

Luteni aliyetoka chuoni akikabidhiwa platuni ya askari wa miguu katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani anapokea watu wapatao 39: seksheni tatu za bunduki zenye watu tisa tisa, seksheni moja ya silaha za kusaidia, na makao madogo ya platuni. Anatakiwa awaache wakiwa wameiva kuliko alivyowakuta. Chombo rasmi alichopewa kwa kazi hiyo ni karatasi, Fomu DA 4856, ambayo kazi yake ni kuandika vikao vya kumshauri na kumwendeleza askari. Ipo kwenye kompyuta ya kila ofisi ya kombania, na hakuna wiki inayopita bila mtu kuijaza.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Ni chombo kizuri kinachotumika vibaya, na ubaya mwingi unatokana na watu kuanza kuijaza juu na kuchoka kabla ya kufika chini. Thamani yake iko chini.

Juu kabisa ni jina, cheo, tarehe, kikosi, na jina la anayeendesha kikao. Inafuata sababu ya kikao, ambapo kiongozi anaandika mambo aliyoyaona mwenyewe kabla ya kukutana na askari. Kisha hoja kuu za mazungumzo, mpango wa hatua za askari, na sehemu ya kufunga kikao, ambapo askari anaweka alama kwamba anakubali au hakubali, anaandika maoni yake na kutia saini. Chini ya hapo kuna kisanduku cha wajibu wa kiongozi katika kuutekeleza mpango ule, na mwisho kabisa tathmini: je, mpango ulileta matokeo yaliyotarajiwa? Hii ya mwisho hujazwa baadaye, na watu wawili kwa pamoja.

Chukua fomu 20 kutoka faili lolote la platuni uangalie visanduku hivyo viwili vya chini. Cha wajibu wa kiongozi mara nyingi kina sentensi moja ya jumla, kwamba kiongozi atamsaidia askari kufikia malengo yake. Cha tathmini ni cheupe. Askari ameambiwa afanye nini, lakini hakuna aliyeandika nani atampa muda, risasi, uwanja au mwalimu, wala hakuna aliyerudi kuuliza kama alifanya.

Sifa mbaya na inakotoka

Kwa askari wengi wa vyeo vya chini, kuandikiwa fomu hii maana yake ni kuingia matatani. Hawajaizua dhana hiyo. Kanuni ya jeshi namba 635-200, inayohusu kumwachisha askari utumishi, inataka kwa baadhi ya sababu, kama utendaji hafifu au mwenendo mbaya unaojirudia, askari awe amekalishwa rasmi na kupewa nafasi ya kujirekebisha kabla hatua hazijaanza. Fomu ikawa ushahidi. Vikosi vingi vikazoea kubandika mwishoni mwa kila fomu aya ileile ya kisheria, kwamba mwenendo huu ukiendelea unaweza kuachishwa kazi na kupoteza haki fulani, hata kama kikao kilihusu kijana anayetaka kwenda kozi. Askari anaisoma aya hiyo na kusahau yote yaliyoitangulia.

Aya hiyo ina mahali pake, nayo ni fomu ya kosa linaloweza kufika huko. Kwenye fomu ya maendeleo iondolewe kabisa. Mwongozo wa jeshi wenyewe unatambua aina tatu za vikao: cha tukio fulani, jema au baya, cha utendaji katika kipindi fulani, na cha ukuaji wa kitaaluma. Platuni ambayo faili lake limejaa aina ya kwanza peke yake, na kila tukio ni la kuchelewa gwaride, inaitumia theluthi moja ya chombo, tena ile theluthi chungu.

Tiba tunayoiona inafanya kazi ni mpangilio wa wakati. Fomu ya kwanza ya askari mgeni iandikwe katika siku zake za mwanzo, kabla hajakosea lolote: kazi yako ni hii, viwango ni hivi, wewe unataka nini hapa. Akija kuchelewa mwezi wa tatu, fomu ya tukio inakuwa ya pili au ya tatu, naye anajua kwamba meza ile si ya kukaripiwa tu.

Nani amkalishe nani

Hapa maluteni wengi wanaharibu kwa nia njema. Anaamua kukaa na askari wote 39 mmoja mmoja, anafika wa kumi na moja, mazoezi ya uwanjani yanaanza, na wale 28 waliobaki wanajifunza kwamba ahadi ya afande ina mwisho. Hasara nyingine ni kubwa zaidi: masajini wake wanajiona wamevuliwa kazi yao.

Muundo wenyewe umegawa mzigo. Kiongozi wa timu, mwenye cheo cha sajini, ana askari watatu. Kiongozi wa seksheni ana viongozi wawili wa timu. Sajini wa platuni ana viongozi wanne wa seksheni. Luteni ana mtu mmoja wa kumwandikia kwa ukawaida, yaani sajini wa platuni, na kwa kawaida luteni ndiye mtathmini wa kwanza wa sajini huyo. Kwa viongozi wa seksheni huwa mtathmini wa juu. Kwa masajini kuna fomu nyingine ya kusaidia tathmini yao ya mwaka, na kanuni inataka kikao cha kwanza kifanyike ndani ya siku 30 za mwanzo wa kipindi, kisha kila robo mwaka. Kwa askari wa kawaida vikosi vingi hupanga kila mwezi.

Kwa hiyo kazi ya luteni na fomu hii ni kuisoma zaidi ya kuiandika. Kila mwezi achukue fomu mbili tatu kutoka kila seksheni, aanze na kisanduku cha wajibu wa kiongozi, kisha mpango, kisha arudi juu. Asisahihishe tahajia. Aulize maswali mawili: hatua hizi mtu asiyemjua askari huyu angeweza kuzipima? Na kuna kitu humu ambacho sajini hawezi kukipata bila mimi? Majibu ya swali la pili ndiyo orodha ya kazi za luteni kwa mwezi unaofuata.

Mfano mmoja, wa bunduki

Jaribio la bunduki la askari wa Marekani lina shabaha 40, kumi kwa kila mkao: kulala bila egemeo, kulala kwa egemeo, kupiga goti kwa egemeo, kusimama kwa egemeo. Kupasi ni 23. Daraja la pili linaanzia 30, la juu 36. Tuseme askari amepata 24. Fomu ya kawaida itasema: askari ana udhaifu katika kulenga; atajitahidi kuboresha ulengaji; kiongozi atamsaidia. Imejazwa, imesainiwa, na haina kitu.

Fomu nzuri inaanza na hesabu. Kulala bila egemeo amepata 8, kulala kwa egemeo 9, goti 4, kusimama 3. Papo hapo tatizo limebadilika sura. Anayepata 17 kati ya 20 akiwa amelala anajua kulenga, na bunduki yake imesawazishwa vizuri. Kumrudisha kwenye darasa la msingi la kulenga ni kumpotezea wiki. Kinachomshinda ni kuhama mkao: anachelewa kubadilisha magazini, anafika nyuma ya egemeo akihema, anaishika bunduki kwa nguvu ya misuli badala ya kuiegemeza, na shabaha mbili za kwanza zinalala kabla hajatulia. Haya yameandikwa kwenye sababu ya kikao kwa sababu kiongozi wa timu alisimama nyuma yake akaona. Asiyekuwepo uwanjani hawezi kuijaza sehemu hii, na asijaribu kuijaza kwa kukisia kutoka kwenye karatasi ya alama.

Mpango: wiki nne, mara tatu kwa wiki, dakika 15. Bunduki tupu, imekaguliwa na mtu wa pili, hakuna risasi chumbani wala mifukoni. Mara 10 kutoka kulala hadi kupiga goti nyuma ya egemeo huku akibadilisha magazini. Mara 10 kutoka goti hadi kusimama. Kiongozi wa timu anapima kwa saa na kuandika sekunde za kila mara. Baada ya hapo ufyatuaji 10 kwa kila mkao, mwenzake akiwa ameweka sarafu juu ya mtutu karibu na mdomo. Sarafu ikianguka, ama kidole kimevuta kwa pupa ama egemeo halijashikwa sawa. Mwisho wa wiki ya pili wanaangalia sekunde: zikiwa hazijashuka, tatizo liko kwenye mahali mfuko wa magazini ulipofungwa au kwenye mpangilio wa miguu, na hapo ndipo pa kurekebisha kabla ya kuongeza idadi. Lengo ni 30 kwenye jaribio lijalo, na tarehe yake imeandikwa.

Sasa kisanduku cha wajibu wa kiongozi, ambacho ndicho luteni anapaswa kukisoma kwa jicho kali. Bunduki ziko kwenye ghala la silaha, na ghala halifunguliwi kwa sababu sajini mmoja ametaka. Lazima mtu aombe kombania ilifungue siku tatu za wiki kwa saa zilezile. Uwanja wa kulengea shabaha unawekewa nafasi mapema sana, na risasi zinaombwa kwa makadirio yaliyopelekwa kabla ya muda. Ombi la wiki ijayo ni kama halijaombwa. Zile dakika 15 zisipowekewa uzio kwenye ratiba ya mafunzo, kufagia na kubeba mizigo kutazimeza. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo ndani ya uwezo wa kiongozi wa timu. Yote ni ya luteni. Ofisa hamfundishi askari kufyatua vizuri kuliko sajini wake anavyoweza. Anachoweza yeye ni kumpatia sajini muda, uwanja, vifaa na ruhusa. Kisanduku hicho kikiwa na majina na tarehe, fomu ina nguvu. Kikiwa na maneno ya kutia moyo, mpango utakufa wiki ya kwanza, na lawama itamwangukia askari.

Siku ya jaribio askari anapata 28: 8, 8, 7 na 5. Hakufikia 30. Kiongozi mvivu ataandika kwamba lengo halikufikiwa. Tathmini ya kweli inasema goti limepanda kutoka 4 hadi 7, kusimama kutoka 3 hadi 5, kwa hiyo mazoezi yalikuwa sahihi na muda haukutosha. Mpango unaofuata ni wa kusimama peke yake, wiki tatu. Askari akiona hesabu hiyo imeandikwa mbele yake, anajua kiongozi wake aliangalia kazi yake hatua kwa hatua.

Namna ya kukaa

Mwongozo unakipa kikao sehemu nne: kufungua, kujadili, kutengeneza mpango, kisha kuandika na kufunga. Kosa tunaloliona zaidi ni kwamba sehemu ya tatu imeshafanyika kabla ya askari kuingia. Fomu imechapishwa ikiwa imejaa, na kinachosubiriwa ni saini. Kabla ya kikao jaza sababu tu, yaani ulichokiona. Hoja na mpango viache wazi, au viwe na rasimu kwenye karatasi nyingine. Mpango ambao askari amependekeza hata nusu yake ataulinda. Ule alioukuta umechapwa ni amri nyingine tu.

Njia za kuendesha kikao ni tatu: kuelekeza, kutoelekeza, na kuchanganya. Jambo la usalama au ujuzi ambao askari hana kabisa linataka uelekezaji, kwa maneno machache. Jambo la mwelekeo wa maisha yake ya kijeshi linataka umwachie nafasi: uliza, kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi unawatisha maluteni, wanaujaza kwa hotuba. Uache. Askari wa miaka 19 anahitaji muda wa kupanga maneno mbele ya ofisa au sajini.

Anayeweka alama ya kutokubali hajavunja amri. Ile alama na mistari ya maoni iliwekwa kwa ajili yake, na mara nyingi ndipo panapoonekana kwamba maelezo ya kiongozi yalikosa kitu. Akikataa kutia saini, andika kwamba fomu ilisomwa mbele yake na amekataa, uendelee. Kumshurutisha kunaharibu vikao vyote vitakavyofuata.

Vikao vya ukuaji

Hapa ndipo fomu inapostahili sifa zaidi, na ndipo inapotumika kidogo. Kupanda cheo hadi sajini, na kutoka hapo hadi cheo cha sajini kinachofuata, kunategemea pointi, zikiwa na ukomo wa 800, zinazotokana na mafunzo ya kijeshi yakiwemo ulengaji na mazoezi ya mwili, nishani, kozi za kijeshi na elimu ya kiraia. Askari wengi hawajui pointi zao zimesimama wapi. Fungua karatasi ya pointi mezani, tafuteni pamoja eneo lenye pengo kubwa linalozibika kwa juhudi ndogo. Somo moja la chuo jioni linaweza kuwa na faida kuliko miezi ya kujaribu kuongeza kitu ambacho tayari kiko juu.

Lakini pointi hazimfanyi mtu kiongozi. Kwa askari anayetarajia kwenda kozi ya msingi ya uongozi, ya siku 22, mpango uwe na kazi ya kuongoza. Mathalani, kufundisha darasa la dakika 20 la kufunga kamba ya kuzuia damu kwenye paja. Wiki ya kwanza anamtazama tabibu wa platuni akifundisha na kuandika hatua. Wiki ya pili anamfundisha kiongozi wake wa timu peke yake. Wiki ya tatu, timu. Wiki ya nne, seksheni nzima, luteni akiwa amekaa nyuma bila kusema kitu. Baada ya kila darasa wanaulizana: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini, na tutabadilisha nini. Mwisho wa darasa, wanafunzi wawili waliochaguliwa ovyo wafunge kamba kwa macho yaliyofumbwa. Wakishindwa, darasa halikufika. Luteni akidakia kumsahihisha katikati ya somo, wiki zote nne zimepotea.

Dosari za fomu yenyewe

Kila fomu ni kisiwa. Haina mahali pa kuonyesha kikao kilichopita, kwa hiyo mwenendo wa miezi sita hauonekani isipokuwa uzitandaze zote mezani. Nafasi za kuandikia ni finyu, jambo linalowasukuma watu kwenye maneno ya jumla. Na maelezo yaliyochapishwa juu yake yanasema iharibiwe askari anapohamishwa (isipokuwa uhamisho wa kumrekebisha), anapomaliza mkataba au anapostaafu. Sababu ya faragha tunaielewa, na ni ya haki, lakini matokeo yake ni kwamba kiongozi mpya anaanza sifuri. Fomu yenyewe inasema wote wawili wabaki na nakala, wachache hutekeleza. Askari apewe yake siku ileile. Akihamia kikosi kingine ndiye atakayeibeba historia yake.

Pengo la mwendelezo tunashauri lizibwe na lile daftari la jalada la kijani ambalo maofisa na masajini wengi tayari wanalo. Kurasa mbili kwa kila sajini, mstari mmoja kwa kila fomu: tarehe, lengo, tarehe ya tathmini, ahadi ya luteni. Usiandike humo namba za utambulisho, habari za afya wala mambo ya ndoa. Daftari hupotea uwanjani, na lililopotea likiwa na siri za watu limeharibu imani ambayo hakuna kikao kitakachoirudisha haraka.

Luteni anayeanza leo aandike fomu moja, ya sajini wake wa platuni. Waanze na kisanduku cha wajibu wa kiongozi: sajini ataje vitu vitatu ambavyo viongozi wa seksheni wanavihitaji na hawavipati, luteni aandike tarehe mbele ya kila kimoja. Tarehe ya tathmini waiingize siku hiyohiyo kwenye ratiba ya mafunzo ya platuni, kwa saa na chumba, kama wanavyoingiza zamu ya uwanja wa shabaha.